Kila Tuta la Tatu

Siku ile tulikuwa watu saba shambani. Alikuwepo mwenye shamba, mzee mkazi wa Pito ambaye binti yake alikuwa amechumbiwa na mdogo wangu. Alikuwepo mke wake, na binti mwenyewe, kajifunga khanga kiunoni na kusimama hatua mbili nyuma ya mama yake. Alikuwepo jirani yao, Msukuma mfuga ng'ombe, aliyeitwa awe shahidi. Upande wetu tulikuwa watatu: shangazi, dada wa marehemu baba, aliyeshuka asubuhi hiyo kwenye basi la Namanyere, mdogo wangu wa kiume, na mimi, dada yake mkubwa, niliyesimama mahali ambapo angesimama mama. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa shule ya bweni, na mpaka leo nashukuru hakuwepo.

Tulikuwa tumekuja kufumua matuta.

Tuta la kwetu Ufipa ni la duara, na sisi tunaliita ntumba. Mwezi wa pili na wa tatu, ardhi ikiwa imelowa na majani yamestawi, mkulima hukata udongo pamoja na majani yake, huupindua ili majani yawe ndani, huzunguka hivyo mpaka katikati pajae, kisha humalizia kwa udongo laini juu. Hapo hupandwa maharage. Majani yanaoza humo ndani kiangazi chote. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikirudi, tuta linafumuliwa na kutawanywa, na ulezi au mahindi yanapandwa juu ya ile mbolea. Kwa hiyo tuta ni kazi ya miezi minane ambayo ndani yake haionekani. Ukipita njiani unaona duara tu, na maduara yote yanafanana.

Mzee yule alikuwa na utaratibu wake. Kijana aliyetaka binti yake alipaswa kwanza kulima shamba moja la matuta, peke yake, na siku ya kuyafumua wakubwa wa pande zote mbili wawepo. Mzee akiridhika, tangazo la ndoa linapelekwa kanisani. Asiporidhika, kila mtu arudi kwao. Mdogo wangu alikuwa ameyalima mwezi wa tatu, akitoka kila Jumamosi gereji alikotengeneza pikipiki. Maharage yake tulishayala.

Mzee akapiga jembe tuta la kwanza. Lilifunguka lenyewe, jeusi, laini, lina harufu ile ya majani yaliyooza vizuri, na minyoo ikajikunja kukimbia mwanga. La pili vilevile. Shangazi akanigusa kiwiko, maana yake mambo yanakwenda vizuri.

La tatu, jembe likagonga.

Mzee akainama, akapangusa udongo kwa kiganja. Ulikuwa wa kina cha vidole vinne. Chini yake palikuwa na ardhi ngumu ambayo haijawahi kuguswa na jembe, na majani yamelala juu yake yamekauka, mizizi bado ina uhai. Tuta halikuwa tuta. Lilikuwa udongo uliovutwa kutoka pembeni na kufunikwa juu ya nyasi.

Akaendelea. La nne, zuri. La tano, zuri. La sita likagonga. Alipofika la tisa hakulipiga hata kwa nguvu, aligusa tu kama mtu anayebisha hodi.

"Kijana, hebu njoo," alisema. "Hiki ni nini?"

Mdogo wangu akaja, akachungulia, akajibu bila wasiwasi wowote.

"Hilo ni la kupumzisha, baba."

"Kupumzisha nini?"

"Udongo. Mawili yanafanya kazi, la tatu linapumzika. Ndivyo tunavyolima kwetu."

Jirani Msukuma akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Wafipa nyie! Mimi nina ng'ombe wawili wa kulimia, hawajawahi kuniambia wanapumzisha udongo. Wakichoka wanalala chini, nami najua wamechoka."

"Jirani, ngoja kwanza," mzee alisema.

"Ndiyo maana!" mama wa binti akadakia, mkono kifuani. "Mimi nilikuwa namsikia kutoka jikoni. Anakwenda kimya, anakwenda kimya, mara anavuma wimbo wa kanisani puani. Tena kimya, kimya, halafu wimbo. Nikamwambia huyu binti, mchumba wako ana furaha ya kupanda na kushuka."

Binti akaficha uso. Mdogo wangu alitabasamu, bado hajaelewa. Mimi nilishaelewa, kwa sababu wimbo ule ulikuwa wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne wazazi wetu walipokuwa wamekwisha kufariki wote wawili. Yeye alikuwa na saba, wa mwisho alikuwa na miwili. Niliacha shule darasa la sita, sikuaga mtu, niliacha tu kwenda. Tulikaa pembeni mwa Izia, mahali ambapo wakati ule nyumba zilikuwa zinaishia na mashamba yanaanza, nami nikawa nalima matuta ya watu. Jioni mwenye shamba ananipimia mahindi. Wa mwisho nilikuwa nimembeba mgongoni, na mdogo wangu alikuwa akifuata nyuma na kijembe cha kuchezea kilichobaki na mpini nusu.

Nakumbuka tuta la kwanza nililofunika. Mtoto mgongoni alikuwa akilia tangu saa tatu. Nilikuwa nimemaliza mawili, nikainamia la tatu, kiuno kikagoma. Nikaacha kukata. Nikavuta udongo wa pembeni, nikafunika nyasi, nikapigapiga kwa bapa la jembe mpaka likawa duara zuri kuliko yale mawili. Nikaangalia kama mwenye shamba, mama mmoja mjane, ananiona. Alikuwa anaanua nguo. Ndipo nikaanza kuvuma ule wimbo, ili nionekane mtu asiye na neno moyoni.

Hakuna kilichotokea. Hilo ndilo jambo ninalolifikiria mpaka leo: hakuna kilichotokea. Jua halikubadilika, mjane alinipimia mahindi yangu, akaniongezea na maboga mawili kwa ajili ya wadogo. Kesho yake nilifika la tatu, kiuno hakikuwa kinauma sana, nikafunika. Keshokutwa hakikuuma kabisa, nikafunika.

Siku moja mdogo wangu alikuwa amechuchumaa karibu, akauliza, "Dada, mbona hilo hulikati?" Nilimjibu papo hapo, bila kufikiri, kama vile jibu lilikuwa linangoja mdomoni: "Hili ni la kupumzisha udongo." Akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Nilimwona akigeukia vituta vyake vya kuchezea. Akapindua nyasi kwenye viwili. Cha tatu akakifunika. Halafu, na sitasahau, akaanza kuvuma puani.

Nilicheka wakati ule. Niliona ni kitu cha kuchekesha, mtoto anaiga.

Baadaye tulipata kipande chetu wenyewe, na hapo ndipo ninaposhangaa zaidi. Njaa ilikuwa imepungua. Hakuna aliyenisimamia. Mahindi yangekuwa yangu, na kila tuta nililofunika nilikuwa najiibia mwenyewe. Bado kila nilipofika la tatu mikono ilivuta udongo wa pembeni. Nilikuwa nikijiambia, leo nitakata yote. Nikianza kufikiria bei ya sabuni au ada ya mtoto, nikija kuzinduka, la tatu limeshafunikwa na koo linavuma. Mwaka mmoja nilijaribu kubadilisha mwendo, nianze kuhesabu upya kila mstari. Haikusaidia. Mikono ilikuwa inahesabu vizuri kuliko mimi.

Mdogo wangu alilima na mimi tu. Alipokua akaenda mjini, akawa fundi pikipiki, na fundi mzuri. Watu wanasema hawezi kufunga boliti nusu. Kwenye matuta alikuwa analima kama alivyofundishwa, kwa uaminifu wote. Hiki ndicho nilichokuwa sijawahi kukiwaza mpaka pale shambani Pito. Mimi nilikuwa nadanganya kila tuta la tatu. Yeye hajawahi kudanganya hata moja. Kitendo ni kilekile, wimbo ni uleule, lakini mimi nilivuma kwa sababu ya hofu, na yeye alivuma kwa sababu alidhani tuta la tatu huimbiwa.

Mzee alikuwa ameegemea jembe.

"Baba yenu nilimfahamu," alisema taratibu. "Tuliwahi kulima pamoja, zamu kwa zamu, kwake na kwangu. Sikujua kwamba alikuwa anafunika."

Shangazi akainamisha uso.

"Baba ndiye aliyemfundisha dada," mdogo wangu akasema, "na dada akanifundisha mimi. Muulize mwenyewe."

Wote wakanigeukia.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, na nataka niseme ukweli jinsi ilivyokuwa nzuri nafasi ile. Kama ningenyamaza, ingebaki kuwa ujinga wa nyumba moja. Watu husamehe ujinga. Mzee angemfundisha kijana upya, tangazo lingesomwa, na marehemu asingeamka kujitetea. Nikisema, ujinga unageuka udanganyifu, na nani anampa binti yake kijana aliyelelewa na mdanganyifu? Nilimwangalia mdogo wangu. Alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka juu ya kiwiko, mkunjo mmoja mmoja, kama ninavyokunja mimi. Kama mikono yake yote ilikuwa yangu, basi hata hiki ninachotaka kukifanya sasa ataondoka nacho.

"Baba hakufunika hata moja," nilisema. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini, mama?" mzee akauliza.

"Nilianza kufunika nilipokuwa nalima vibarua. Nilichoka, nikadanganya, halafu nikazoea. Huyu aliponiuliza nikamwambia linapumzisha udongo. Hakuna udongo unaopumzika hivyo, baba. Nilitunga."

"Dada?" mdogo wangu akasema.

"Nilitunga."

Shangazi alijifunika khanga usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia kwa aibu, lakini aliponieleza baadaye alisema alikuwa analia kwa sababu jina la kaka yake lilikuwa limesafishwa.

Jirani Msukuma akaokota kofia yake. "Mzee, kama ni mimi, ningekwisha kasirika. Lakini huyu kijana ni wa ajabu. Amelima shamba zima kwa bidii, na theluthi moja ya bidii yake ni kutolima."

Mzee hakutaka kucheka. Nilimwona akihangaika na cheko kwenye masharubu, kisha likapita. Akamgeukia mdogo wangu.

"Ulijua?"

"Sikujua, baba. Naapa."

"Usiape. Nimekuona ulivyojibu. Mtu anayejua hajibu haraka vile." Akalichomoa jembe ardhini. "Kijana huyu hana kosa kwangu. Alichoambiwa ni kazi, amekifanya chote, hakuruka hata kimoja. Tangazo litapelekwa."

Mama wa binti akapiga kigelegele kifupi, akakikatisha mwenyewe alipoona mume wake hajamaliza.

"Kosa ni la aliyemfundisha. Mama, umehesabu ni mangapi?"

"Sijahesabu."

"Hesabu."

Nikazunguka shamba lote mbele yao, nikigusa kila la tatu kwa mguu. Yalikuwa mia moja na kumi.

"Mwezi wa pili utakuja," mzee alisema. "Kuna kipande kule juu hakijalimwa. Utalima matuta mia moja na kumi, na kila moja nitaingiza mkono kabla halijafungwa. Huyu asikusaidie hata kukubebea jembe. Nawe shangazi usimtume mtu."

"Sawa, baba," nikasema. "Asante."

"Usinishukuru. Majani ya kule juu ni magumu."

Tulirudi kwa miguu mpaka barabarani. Shangazi alitangulia, akiongea peke yake Kifipa. Mdogo wangu alitembea kando yangu, nami nikawa nangoja hasira yake. Badala yake akauliza:

"Dada, maharage kumwaga maji ya kwanza. Hiyo ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kutotia chumvi mpaka yaive?"

"Kweli. Mama alikuwa anafanya hivyo."

"Na kutonyoa nywele Ijumaa?"

"Sijui. Nilisikia kwa mtu."

Akatembea kidogo. "Ukoko wa ugali je? Kwamba mwanaume akila ukoko, siku ya harusi yake mvua itanyesha?"

Nikaongeza mwendo. Akasimama.

"Dada!"

"Nilikudanganya."

"Mimi nina miaka ishirini na minne sijawahi kula ukoko! Kwa watu nikipewa nakataa! Nani alikuwa anaula?"

"Mimi. Jikoni, mkishalala."

Nilitegemea lolote isipokuwa kile alichofanya. Alicheka mpaka akakaa ukingoni mwa njia, kashika tumbo, na shangazi akageuka kutuuliza kama tumerukwa na akili siku ya aibu kama ile. Kisha akafuta macho, na sauti yake ikabadilika.

"Utaniandikia," alisema. "Yote. Ya kweli upande huu, ya uongo upande huu. Sitaki kumfundisha mtoto wangu kitu ambacho sijui kilitoka wapi."

Nilijaribu. Nina daftari la mdogo wetu wa mwisho, lililobaki na kurasa chache, na nimekaa nalo zaidi ya mara moja. Ya uongo ni machache kuliko nilivyoogopa. Ya kweli ni machache pia. Kilichojaa ni cha katikati: mambo ninayofanya bila kujua niliyaokota kwa nani. Kukohoa kabla ya kuingia kwa mtu. Kugeuza kikombe chini kikishakauka. Kumwita mtoto mara mbili tu, mara ya tatu unamfuata. Wa mwisho anakohoa mlangoni vilevile kama alivyokuwa akikohoa mama, na hamkumbuki mama hata uso. Aliokota kwangu. Basi mama aliokota kwa nani? Nilimuuliza shangazi. Akasema mama yetu hakuwa anakohoa hivyo alipoolewa. Alikuwa ameiga kwa bibi yetu, mama wa baba, ambaye kifua kilikuwa kinamsumbua.

Kwa hiyo nyumba yetu nzima inabisha hodi kwa ugonjwa wa mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Nilicheka nilipoambiwa, lakini siku kadhaa baadaye nilisimama mlangoni kwa jirani nikashindwa kuingia, sijui nikohoe au nisikohoe.

Harusi ilifungwa kabla ya Kwaresima. Mwezi wa pili ulipoanza nilikwenda Pito na jembe langu. Nilikuwa naenda Jumanne na Ijumaa, siku nisizokuwa na kazi nyingine. Mzee alikuwa anafika kila nilipomwita, anakunja mkono wa koti, anaingiza mkono wake tutani mpaka kwenye kiwiko, anapapasa majani yaliyopinduliwa, anatoa mkono na kusema, "Funga." Hakuwahi kuongeza neno. Siku ya kwanza nililima sita. Kila nilipofika la tatu mgongo ulijua. Udongo wa pembeni ulikuwa pale, laini, tayari kuvutwa, na nilikuwa nakata kwa nguvu kuliko inavyohitajika, kama mtu anayefukuza kitu.

Na koo lilikuwa likivuma. Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nakata tuta la tatu kwa haki, majani ndani, sina cha kuficha, na wimbo ukaja wenyewe. Nilijaribu kuuzuia, ukahamia la nne. Mama wa binti alinisikia akapaza sauti kutoka jikoni, "Mama, huko ni salama?" nikamwambia ni salama, aje aangalie. Akaja, akaangalia, akarudi. Mpaka leo haniamini sawasawa nikiimba.

Siku zingine mdogo wangu alipita na pikipiki ya mteja, akasimama barabarani mbali na shamba, kama mzee alivyoamuru. "Dada! Hilo la tatu hilo!" anapiga kelele. "Nakuona!" Naye mke wake ananiletea uji, anakaa kwenye nyasi, anauliza maswali madogomadogo kuhusu mume wake alivyokuwa mdogo. Simfichi kitu. Nimegundua kwamba kila anachouliza ni namna ya kujua atapata mtoto wa aina gani.

Yule mjane wa Izia amehama siku nyingi kwenda kwa wanawe, sijui wapi, na shamba lake limejengwa nyumba za matofali ya kuchoma. Nimewahi kupita pale nikihesabu, matuta yangu yangekuwa chini ya ukuta upi. Kwake hakuna pa kupiga jembe.

Kwa mzee wa Pito papo. Mwaka huu mvua zimekatika mapema. Wiki iliyopita nilipiga jembe likadunda, na majani yameanza kuwa makavu, hayaozi vizuri yakifukiwa hivyo. Nilimwambia naweza kuendelea, nitamwagia maji. Akatazama juu, akatazama jembe langu, akasema tuta la majani makavu ni tuta la kufunika kwa jina lingine, nirudi mvua zikirudi. Nimelima sitini na nne, yote ameyaingizia mkono. Yamebaki arobaini na sita.